Mgeni wa Tanga hayuko Ulaya, anapita Segera kila siku. Tunamuuzia nini?

MwanaBarabaraYa12 (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Mlionitangulia shikamooni.

Mwezi uliopita nilikuwa Dar, nikaingia kwenye maonesho ya biashara, nikatafuta banda la nyumbani, mkoa wa Tanga. Nikalikuta limepambwa kweli: makuti, picha ya twiga, picha ya machweo, bango refu la fursa. Kilimo, madini, uvuvi, viwanda, bandari, utalii. Binti aliyejifunga kanga akanipa kipeperushi na pipi.

Mbele yangu alisimama baba mmoja na mkewe, wametokea Mwanza, wana wiki ya likizo na pesa yao mfukoni. Baba akauliza swali jepesi tu: "Nikitoka Dar kesho asubuhi nikaenda Tanga, nitalala wapi, nitaona nini, nitarudi lini, na niandae kama shilingi ngapi?" Binti akatabasamu, akamwonesha bango. Baba akasoma fursa zote mpaka ya mwisho, akashukuru, akahamia banda la mkoa mwingine. Huko wakamchorea safari ya siku mbili na bei yake, dakika kumi nyingi. Nilisikia aibu kana kwamba mimi ndiye niliyeulizwa.

Narudi nyumbani, basi likasimama njia panda ya Segera. Mnaijua Segera. Mabasi ya Moshi, Arusha na Babati yamejipanga, watu wanashuka kwa dakika ishirini: choo, chipsi, mfuko wa machungwa, haya twende. Dada aliyekaa kiti cha mbele yangu alikuwa akizungumza na simu kwamba amepita hapo tangu yuko sekondari na hajui hiyo njia ya kulia inakwenda wapi. Inakwenda Tanga, dada! Kilomita sabini na kitu!

Ndipo nikajiuliza. Sisi tunamtafuta mgeni Ulaya, tunatafsiri vipeperushi, na mgeni mwenyewe tunaye tayari, anakula chipsi pale njia panda. Anapita mara mbili, kwenda na kurudi, na Desemba anapita na familia nzima. Hatuna haja ya kumkatia tiketi ya ndege. Tuna haja ya kumshawishi ateremke.

Na vitu vya kumwonesha havikosekani. Mapango ya Amboni yako kilomita 8 tu kutoka mjini. Tongoni, njia ya Pangani, kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo mengi kuliko mahali popote katika pwani ya Afrika Mashariki. Amani kuna msitu ambao wanasayansi wa Kijerumani walijenga taasisi yao humo tangu 1902. Saadani ni hifadhi ya taifa ambayo tembo anafika ufukweni. Lakini hebu tuwe wakweli: nani kati yetu anaweza kumpa mgeni ratiba ya siku mbili, saa kwa saa, bila kubabaisha?

Swali la uzi huu ni hilo. Na la wawekezaji nalo lije, maana naona ni ugonjwa uleule. Tunanadi "ardhi yenye rutuba" bila kusema iko kijiji gani, maji yako umbali gani, na umeme unapita wapi.

Karibuni tuchangie. Matusi tuweke pembeni, siasa pia.

---

Kijiweni_Makorora

"Tanga, waja leo waondoka leo." Wewe unataka walale? Unavunja mila, mkuu.

---

DarMkavu

Mwanzisha uzi una hoja ila umejisahau. Mtu wa basi la Arusha anawahi msiba, mtihani au mzigo. Si mtalii. Utamteremsha na nini, kachori?

---

MwanaBarabaraYa12

DarMkavu, safari hii hatateremka, sijasema hivyo. Nataka awe na karatasi mkononi atakapofika Arusha, ili Pasaka ijayo ashuke. Na kachori zetu usizidharau.

---

BiMwani_Pangani

Nami nichangie, nina nyumba ya wageni ndogo huku, vyumba sita, si hoteli kubwa.

Mwanangu mwanzisha uzi, umesema saa kwa saa, na hapo ndipo kwenye siri yote ya huku kwetu. Pangani haiendi kwa saa ya ukutani, inakwenda kwa maji. Wageni wengi wanakuja kwa ajili ya Maziwe, kile kisiwa cha mchanga. Wazee wanakumbuka kilikuwa na mivinje na kasa wakitaga humo, sasa miti imekwisha na maji yakijaa kisiwa chenyewe hukioni. Sasa anakuja kijana na wenzake wanne kutoka Dar, ameona picha mtandaoni, ananiambia "shangazi, kesho saa nne tupeleke kisiwani". Namwambia kesho ni maji mafu, yaani mwezi uko nusu, saa nne maji yamejaa, utakwenda kuogelea juu ya kisiwa. Hanielewi, anaona namzungusha. Anakwenda kwa mtu mwingine, anampeleka, anarudi analalamika kwamba Pangani ni matapeli.

Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanakupwa sana na yanakuwa chini kabisa mnamo saa nne asubuhi. Hapo ndipo kisiwa kinatoka cheupe kama unga, unakaa saa mbili tatu, unatazama samaki kwenye matumbawe, unarudi na upepo. Hilo halimo kwenye kipeperushi hata kimoja. Anayetangaza Pangani aanze na kalenda ya mwezi, picha zifuate baadaye.

La pili, pantoni. Mji wetu uko upande mmoja wa mto na Ushongo iko upande wa pili, unavuka Bweni kwanza. Sasa daraja linajengwa, mita 525, na barabara ya lami kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Makurunge kule Bagamoyo, kilomita 256 zote. Watu wanasema likikamilika tutafurika wageni. Mie nasema inshallah, lakini barabara nzuri humleta mgeni na humpitisha vilevile. Atatoka Bagamoyo asubuhi, atapita Pangani saa sita, atalala Mombasa. Tusipokuwa na cha kumkalisha tutabaki kupungia magari mkono.

---

Kijiweni_Makorora

Shangazi shikamoo. Hiyo ya kuogelea juu ya kisiwa yamenikuta mwaka juzi, sikuwahi kumwambia mtu.

---

BiMwani_Pangani

Marahaba mwanangu. Mko wengi.

---

Singa_Mstaafu

Nimesoma kimyakimya, sasa niseme upande wa mashamba. Nimefanya kazi kwenye mkonge miaka 31, nimeanzia kukata, nimeishia unyapara wa korona. Kwa vijana: korona ni ile mashine ya kuchakata jani la mkonge litoke singa, yaani nyuzi. Si ugonjwa.

Mkoa huu ulishajitangaza zamani kwa namna ambayo leo hatuiwezi, na ulifanya hivyo kwa kitu kimoja tu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe, hapo Pangani kwa Bi Mwani. Kutokana na hiyo 62 nchi ikafika kuvuna tani 230,000 mwaka 1964, tukawa wa kwanza duniani. Nyumba nzuri mnazoziona mjini, reli, vilabu, hata hayo makabila yote mliyonayo Tanga, yameletwa na mkonge. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, walitoka Songea, Kigoma, hadi Rwanda na Msumbiji. Babu yangu alikuja na namba shingoni, hakurudi kwao.

Kisha kamba za nailoni zikaja, bei ikaanguka, 1967 mashamba yakataifishwa na yaliyofuata mnayajua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumeshuka mpaka kama tani 20,000. Wengine wanalaumu nailoni, wengine wanalaumu serikali. Mie nililiona shamba likifa kwa sababu ndogo zaidi: trekta lilikosa tairi, majani yakakatwa yakakosa usafiri, na jani la mkonge likilala bila kuchakatwa singa inaharibika. Shamba la mkonge bila korona karibu ni pori lenye miiba.

Kwa hiyo mnapomwita mwekezaji mwambieni ukweli wa zao. Mkonge unaupanda leo, unakata kwa mara ya kwanza baada ya kama miaka mitatu, halafu unaendelea kukata miaka kumi na zaidi. Mwenye haraka asije. Na mwambieni jambo ambalo kwangu ndilo tamu: katika jani zima singa ni kidogo mno, haizidi asilimia tano, mengine yote ni maji na makapi. Enzi zetu yale makapi tulikuwa tunayamwaga mtoni, Mungu atusamehe. Kule Hale walishajenga mtambo wa kutoa gesi ya kuzalishia umeme kutokana na hayo makapi. Mtu mwenye akili na mtaji haji Tanga kununua singa, huja kununua kile tunachotupa.

---

MwanaBarabaraYa12

Mzee wangu, shikamoo. Hii ya mwisho nainakili kama ilivyo.

---

HatiYaBibi

Samahani, naona mnashangilia mwekezaji kama bwana harusi. Nimekulia Mkinga. Kila nikisikia "ardhi kubwa isiyotumika" namkumbuka bibi yangu, maana hiyo isiyotumika ndiyo anayookotea kuni, analaza shamba lipumzike miaka miwili na kuchungia mbuzi. Nani amemuuliza?

---

DarMkavu

Ndo maana hamwendelei. Kila kitu bibi.

---

HatiYaBibi

DarMkavu, sijasema mwekezaji asije. Nasema aje kupitia mlangoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko wazi. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa na haizidi hekta 250, wanaoridhia ni mkutano mkuu wa kijiji, si mwenyekiti na wenzake wawili chini ya mwembe. Ikizidi hapo inakwenda kwa waziri, baada ya kijiji kusema lake. Na mgeni asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji. Sasa niambieni, ni kipeperushi gani cha mkoa kinachomweleza mwekezaji hivyo? Anakuja, anakutana na dalali, dalali anamwonesha pori, anatoa "ya soda", baada ya miaka miwili anakuta watu wamelima katikati ya shamba lake. Wanakwenda mahakamani. Hasara kwake, hasara kwa bibi, dalali anajenga.

Mkitaka kuwavutia wenye pesa, tengenezeni orodha ya maeneo ambayo vijiji vyenyewe vimekaa, vimepima, vimekubali. Hata yawe matano tu. Matano safi yanauzika kuliko fursa mia za kwenye bango.

---

Singa_Mstaafu

Huyu mtoto kasema.

---

Mchuuzi_Kongowea

Hamjambo ndugu zangu wa ng'ambo ya mpaka. Mie ni mchuuzi wa machungwa hapa Mombasa, Tanga naijua kuliko wengine wenu mlioko Dar. Navuka Horohoro kila msimu miaka na miaka, naenda zangu Muheza.

Mwauliza mwekezaji ni nani. Je, mimi si mwekezaji? Naingia na pesa taslimu, nanunua machungwa yakiwa bado mtini, nawalipa wachumaji, nawalipa wapakiaji, nalala, nala, nakunywa chai. Hakuna mtu hata siku moja aliyenipa kipeperushi wala pipi! Chungwa la Muheza ganda ni la kijani, sokoni huku mgeni asiyelijua hudhani halijaiva, lakini likikatwa maji hutiririka mpaka kiwiko. Walijualo hawataki jingine.

Shida yenu nitawaambia. Mvua ikinyesha gari haliingii shambani, basi mwenye mti atanibembeleza ninunue kwa bei ya kutupa kabla hayajaanguka. Mie nafaidi, siwafichi, lakini hata mimi naona si haki. Na pili, msimu ukikolea machungwa ni mengi kupita kiasi, yaoza chini ya miti, na hapo mwangoja mtu wa Ulaya aje na kiwanda. Kiwanda cha sharubati hakitaki chungwa la miezi miwili, chataka la mwaka mzima. Mwenye kutaka kukijenga lazima achanganye: machungwa, maembe, mananasi, mapesheni, hata na tangawizi ya huko milimani. Mkimfungia hesabu hiyo vizuri, atakuja. Mkimwonesha picha ya chungwa, atapiga nayo picha.

---

Kijiweni_Makorora

Mkenya katuchambua mpaka mbegu.

---

MlaloBaridi

Onga mshi! Nyie wa pwani mmezungumza maji na machungwa, mmetusahau wa mlimani kama kawaida.

Niongezee kwenye hoja ya Segera. Ukiondoka Segera unafika Korogwe, kisha Mombo. Mombo nako mabasi yanasimama. Abiria wananunua ndoo za matunda ya Lushoto pale dirishani: matufaha, peasi, plamu, kulingana na msimu. Wanakula matunda yetu, wanatupa mbegu Same, na hawajui kwamba wakikata kulia kilomita 33 tu wanafika mahali ambapo Januari unalala na blanketi. Jua la Mombo linakutoa jasho, saa moja baadaye uko Soni unavaa sweta. Hiyo barabara yenyewe ya kona kona ni utalii, ukiweza kufumbua macho.

Juu kuna Irente, unasimama ukingoni unaona tambarare yote ya Mombo na Mkomazi chini yako, mabasi yanaonekana kama siafu. Kuna msitu wa Magamba. Wajerumani walipenda baridi yetu wakaubatiza mji wa Lushoto jina la Wilhelmstal. Lakini kisa ninachokipenda ni cha ua. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul, aliona ua dogo la zambarau Usambara, akapeleka kwao. Leo ua hilo liko madirishani dunia nzima, wanaliuza kwenye vyungu, wameshazalisha aina maelfu, na Wajerumani wanaliita kwa jina la Usambara mpaka leo. Sasa niulize: nani kwenye uzi huu amewahi kuliona? Mie mwenyewe Msambaa nimeliona nikiwa na miaka 29, nilioneshwa na mwanafunzi wa chuo kutoka Finland. Lilikuwa limejishikiza kwenye jiwe lenye unyevu, dogo, nikamwambia "ndilo hili tu?" Akanikasirikia.

Kitalu kimoja cha akina mama wa Amani au Lushoto, mgeni aondoke na chungu chake, na karatasi inayoeleza lilikotoka. Hiyo biashara haihitaji waziri kukata utepe.

---

MwanaBarabaraYa12

MlaloBaridi, la ua umenimaliza. Nami sijawahi kuliona.

---

Tishari_Bandarini

Nimechelewa, nilikuwa kwenye meli.

Kuhusu bandari niwape picha, maana watu huimba "bandari, bandari" bila kujua nini kilibadilika. Zamani meli ya maana haikufika gatini kwetu. Kina kilikuwa kama mita 3. Ilitia nanga nje huko, matishari yakaenda kuifuata, mzigo ukashushwa kwenye tishari, tishari likavutwa mpaka gatini, mzigo ukapakuliwa tena. Kazi moja unailipa mara mbili, na bahari ikichafuka unakaa. Mwenye mzigo akipiga hesabu hiyo alikimbilia Dar au Mombasa, na hatukuwa na la kumjibu. Jina langu humu linatokana na enzi hizo.

Sasa pamechimbwa mpaka mita 13, gati mbili zenye urefu wa mita 450 zimejengwa, mradi wa shilingi bilioni 429.1. Meli inakuja inafunga palepale. Hiyo ni hoja ya kuuzia, tena ya namba, si ya machweo. Ila naomba msidanganye wawekezaji kwamba gati pekee inatosha. Meli inaleta klinka (malighafi ya saruji), mafuta, magari, halafu nahodha anauliza "naondoka na nini?" Meli inayoondoka tupu ni meli inayopandisha bei ya kuja. Singa ya mzee wangu hapo juu, machungwa yaliyosindikwa, mwani wa Mkinga na Pangani, chai ya Amani, viungo vya Muheza, hivyo ndivyo vitakavyoipa bandari maisha. Anayetangaza bandari na anayetangaza kilimo wakae meza moja, sio kila mtu na banda lake.

Na reli jamani. Reli ya kwanza katika nchi hii ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi karibu miaka ishirini baadaye. Tulikuwa na treni kabla Dar haijaota. Hilo nalo nimelisema kwa uchungu, mnisamehe.

---

DarMkavu

Na bomba la mafuta mbona hamlitaji? Hilo ndilo dili kubwa, mnahangaika na maua.

---

Tishari_Bandarini

Bomba ni kubwa kweli. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapa Tanga, na 1,147 za hizo ziko upande wetu. Jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani Agosti 2017. Mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba linapashwa moto njia nzima. Lakini bomba linataka watu wengi linapochimbiwa. Likishafukiwa linataka walinzi, mafundi na mitambo. Mama ntilie aliyepika kwa ajili ya vibarua 200 anabaki na masufuria. Kwa hiyo mwekezaji wa kumwita Chongoleani ni yule wa kutengeneza mashine, kufundisha wachomeleaji, kuhudumia meli. Ni kazi inayobaki.

---

MwalimuWaMawemba

Habari zenu wapendwa. Mimi nafundisha historia, nitasema fupi (najua mwalimu akisema fupi hamuamini).

Mnamsahau mgeni mmoja ambaye hahitaji kuona simba. Novemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walileta askari kama 8,000 kutoka India, wakashuka hapa Ras Kazone, wakitegemea kuuteka mji kwa siku moja. Wajerumani na askari wao Waafrika, karibu elfu moja tu, chini ya kamanda wao von Lettow-Vorbeck, wakawashinda. Na katikati ya risasi nyuki wakatibuliwa kwenye mizinga, wakawashambulia watu. Waingereza wakaingia tena melini, wakaacha bunduki na risasi nyingi kiasi kwamba Mjerumani alizitumia kuendelea na vita. Wanafunzi wangu hawalali somo hilo. Kuna makaburi na minara ya ukumbusho hapahapa mjini, na huko Mkinga kuna Jasini, walikopigana tena Januari 1915. Wahindi, Waingereza na Wajerumani wana watu wao wamelala humu. Wapo wanaosafiri dunia kutafuta majina ya babu zao mawe kwa mawe.

Halafu kuna njia ya kutembea kwa miguu ambayo ningependa kuichora: unaanza kwenye Boma la Mjerumani ambalo sasa ni makumbusho, unapita bustani ya Jamhuri yenye mnara wa saa, unakwenda Bombo kwenye jengo la zamani la hospitali juu ya mwamba, unaishia Raskazone kuoga. Kwa baiskeli ni asubuhi moja, na Tanga ni mji wa baiskeli, tambarare. Mgeni anataka kivuli, maji ya dafu na mtu wa kumsimulia. Wa kumsimulia tunao, wamekaa barazani wanacheza bao.

Na siku akitaka lugha, mpelekeni Machui. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909. Watu hufunga safari kwenda kuona nyumba za washairi wa nchi nyingine.

---

Kijiweni_Makorora

Mwalimu umesahau uwanja wa mpira wa Mkwakwani. Coastal Union walichukua ubingwa 1988, nao ni urithi wa kale.

---

MwalimuWaMawemba

Hiyo ni akiolojia, mwanangu, si fani yangu.

---

HatiYaBibi

Hapa nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Jambo moja la pesa, kwa sababu watu wanadhani mwekezaji lazima awe na pasipoti nyekundu. Sheria ya Uwekezaji ya 2022 ilishusha kiwango cha mtaji kwa mzawa anayetaka kusajili mradi na kupata vivutio, kutoka dola 100,000 mpaka 50,000. Bado ni nyingi kwa mtu mmoja. Lakini kuna watu wa Tanga wangapi Dar, Muscat na London wanaokutana kwenye harusi na maziko? Ishirini wakiweka pamoja ni kiwanda kidogo cha sharubati. Vikundi vya kuchangia harusi vinafika hizo hela, tena kwa wiki mbili, kwa ajili ya pilau.

---

BiMwani_Pangani

Ukweli mtupu, na pilau lenyewe huwa limeungua.

---

MwanaBarabaraYa12

Wakuu, siku tisa zimepita, narudi na mrejesho.

Nimechukua mlivyosema nikachora kadi, ukubwa wa kadi ya mwaliko. Upande mmoja nimeandika "Siku mbili kutoka Segera". Siku ya kwanza: kushuka Segera, basi dogo mpaka mjini, chakula cha mchana ni bada (ugali wa muhogo) na samaki wa kupaka, Amboni alasiri jua likipungua, jioni Raskazone. Siku ya pili zipo njia mbili, ukiwa bamvua unakwenda Pangani na Maziwe, ukiwa maji mafu unakwenda Amani ukatafute ua. Kalenda ya bamvua ya miezi mitatu nimeiweka chini, Bi Mwani kanisaidia kwa simu, kanikosoa mara mbili. Upande wa pili ni wa Mombo na Lushoto, MlaloBaridi kaandika, akasahau kutaja blanketi, nikamkumbusha.

Bei nimezipigia hesabu kwa kukaa stendi na kuuliza mwenyewe, si kwa kubahatisha. Zikipanda nitachapa upya.

Nilichapa kadi 200 kwa hela yangu. Juzi nilikwenda Segera, nikazungumza na akina mama wawili wa chipsi na kijana mmoja wa machungwa. Machungwa ndiyo yaliyonipa wazo: kila mfuko unaouzwa dirishani unaingia na kadi moja. Kijana akaniuliza atapata nini. Nikamwambia mgeni akirudi atanunua mifuko mitatu. Hakushawishika, nikamwongezea elfu mbili.

Jana jioni simu ya kwanza ikaingia. Nikaruka, nikaipokea kwa sauti ya kiofisi kabisa: "Karibu Tanga!" Alikuwa kondakta wa basi la Arusha. Ameona kadi kwa abiria wake na anataka kujua, kila abiria atakayemteremsha Segera, yeye mgao wake ni shilingi ngapi.

---

DarMkavu

Mpe. Huyo ndiye mwekezaji wako wa kwanza. Na niwekee kadi mbili, Pasaka nakuja na shemeji yako. Bamvua ni lini?